Maskati na Sisi

Watu wa rika langu hapa Dar es Salaam tuliijua Maskati kabla ya kuijua London. Hatukufika huko, ila vitu vyake vilitufikia: tende zilizoshindiliwa ndani ya makanda, papa wa chumvi, halua, mazulia na makasha. Majahazi yalikuja na kaskazi kuanzia Desemba, yakakaa, yakauza, kisha yakarudi na kusi kuanzia Aprili. Mtoto wa Temeke aliyetumwa dukani kununua tende wakati wa Ramadhani hakuhitaji ramani ili ajue kwamba ng'ambo ya bahari wapo watu wanaotufahamu.

Na sisi tulikuwa na chetu cha kuwapa. Nyumba niliyozaliwa ilijengwa kwa miti ya mikoko iliyotoka Rufiji, ikakandikwa udongo, na juu yake makuti. Miti hiyohiyo, ambayo mchwa huichukia, ndiyo iliyoezeka nyumba za Kuwait, Bahrein na Basra, nchi zisizo na miti ya kujengea. Vyumba vya nyumba za zamani za huko ni vyembamba kwa sababu upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti zetu. Mwaka 1939 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alifika Rufiji ndani ya chombo cha Kuwait kilichokuja kupakia boriti, akaandika habari za safari ile. Nilikisoma kitabu chake nikiwa mtu mzima, nami nilistaajabu kuona kwamba mahali tulipopaita shamba tu, kwao palikuwa dukani.

Nimefundisha historia katika shule za msingi za Kinondoni na Temeke tangu nilipotoka Chuo cha Ualimu Mpwapwa hadi nilipostaafu nikiwa mwalimu mkuu, na jambo moja lililowapa wanafunzi wangu tabu kulielewa ni hili: kwamba zamani msafiri wa kutafuta riziki alitoka Maskati kuja huku. Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830 na 1840, alifuata mali. Alipofariki mwaka 1856, wanawe waligombania urithi, na mwaka 1861 Waingereza wakaamua: Thuwaini abaki na Maskati, Majid abaki na Unguja, na Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Wanafunzi huliona jambo hili kuwa ugomvi wa ndugu. Mimi niliwaambia waitazame hesabu. Anayelipa ndiye mwenye nacho, na anayelipwa ndiye mwenye shida. Majid huyuhuyu ndiye aliyeanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima. Na baada ya hapo, kwa karibu miaka mia moja, Wamanga maskini waliendelea kuja kuuza vitunguu, kuchemsha kahawa na kufungua viduka vijijini, wakilala juu ya magunia yao ya chumvi. Baba yangu aliwaonea huruma.

Wapo pia waliovuka bahari kwa njia nyingine. Mkataba wa 1845 ulikataza watumwa wasipelekwe Uarabuni, lakini walipelekwa. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na bado walipelekwa. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, Tanganyika mwaka 1922, na Omani mwaka 1970. Msomaji arudie kuisoma tarehe ile ya mwisho. Mwaka 1970 mimi nilikuwa kijana wa miaka 20.

Mapinduzi ya Unguja yalitokea tarehe 12 Januari 1964. Wiki moja baadaye askari wetu wa Tanganyika wakaasi, maduka yakavunjwa mjini, na mwezi wa Aprili tukawa nchi moja. Kijana wa miaka 14 hukumbuka kelele zaidi ya sababu. Nakumbuka kwamba Mmanga wa mtaani kwetu alifunga duka, hakulifungua tena. Waliokimbia Unguja walitawanyika, wengine Dubai, wengine Misri na Uingereza, wengine wakabaki Dar es Salaam wakijibana kwa jamaa. Omani ya wakati ule haikuwa kimbilio la kutamanika. Ilikuwa na shule 3 tu za mtindo wa kisasa, na barabara ya lami isiyozidi kilometa 10. Malango ya mji wa Maskati yalifungwa usiku, na mtu aliyetembea baada ya hapo alitakiwa kubeba taa.

Kisha tarehe 23 Julai 1970 Sultani Qaboos akamwondoa baba yake. Mafuta yalikuwa yameanza kuuzwa nje tangu 1967, na nchi ilihitaji watu waliosoma. Akawaita Waomani waliokuwa nje warudi. Waliorudi kutoka Unguja, Dar es Salaam, Tabora, Nairobi, hata Bujumbura, walikuwa wamesoma shule, walijua Kiingereza, na nyumbani walizungumza Kiswahili. Ndio walioingia wizarani, benki, hospitali na katika kampuni ya mafuta. Hivyo ndivyo Kiswahili kilivyopata kusikika ofisini Maskati, mahali ambapo wengine wasiokijua waliwatazama wenye kukijua kwa kijicho.

Miaka ya 1980 sisi huku tulikuwa tunapanga foleni ya sukari na sabuni. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa, na Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka 1985, mlango ukafunguka zaidi. Jina lililozagaa Kariakoo likawa Dubai. Vitenge, redio, vyombo vya udongo, magari yaliyotumika: vyote vilitoka Dubai. Wake kwa waume walikwenda na mabegi matupu, wakarudi na mabegi yasiyobebeka. Hao hawakwenda kuajiriwa. Walilala siku nne hotelini, wakarudi. Sitakaa hapo, maana habari zao zinajulikana.

Ninaotaka kuwasema ni wasichana wetu. Tangu mwanzoni mwa karne hii wameondoka Tandika, Mbagala, Mtoni, Manzese na Mwananyamala kwenda kuwa makadama, ndilo neno lao, yaani watumishi wa ndani. Katika mtaa wangu pekee naweza kuhesabu nyumba tisa zenye mtu aliyekwenda. Mmoja wao ni mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, na haya nayaandika kwa idhini yake.

Aliondoka Novemba 2013, akiwa na miaka 31, amemwacha binti yake mdogo kwa mama yake. Wakala aliyempeleka alikuwa na chumba kimoja Kinondoni, chenye meza na picha ya ndege ukutani. Mkataba uliandikwa Kiarabu na Kiingereza. Aliutia saini bila kuusoma. Aliambiwa familia ni ya watu wanne na mshahara ni riale 90. Alikuta watu kumi na mmoja, nyumba ya ghorofa mbili huko Sib, nje kidogo ya Maskati, na mshahara riale 70. Hizo ni dola 180 na ushei. Mtumishi wa ndani hapa Temeke wakati ule alilipwa shilingi elfu 40 au 50, kwa hiyo hata hizo 70 zilikuwa fedha nyingi, na hapo ndipo penye mtego wote. Pasipoti ilichukuliwa uwanja wa ndege na dereva aliyekuja kumpokea. Hakuiona tena mpaka siku ya kurudi.

Nilimwuliza siku yake ilikwendaje, naye alinieleza kama mtu anayesoma ratiba ya masomo. Saa 11 alfajiri anaamka, anawaandaa watoto wa shule. Kisha ufagio, nguo, jikoni, pasi. Wanalala mchana, yeye anaosha vyombo. Jioni wageni, kahawa, tende, vyombo tena. Kulala saa 6 usiku, na Ramadhani saa 9. Simu alipewa Ijumaa baada ya chakula. Mwezi wa Julai maji ya bomba huchemka juani juu ya paa hata hayafai kuoga, basi watu huzima mtambo wa kuchemshia maji ulio ndani, na ule ndio unaokuwa mtungi wa maji baridi. Jambo hilo lilimchekesha sana. Kijakazi wa nyumba ya jirani, Mfilipino, alilipwa zaidi yake kwa kazi ileile, kwa sababu kila taifa lina bei yake. Hilo halikumchekesha.

Sheria ya mambo haya inamzunguka mtu anayeitwa kafili. Kafili ndiye anayemleta mgeni nchini, na kibali cha mgeni kimeshikamana naye. Mgeni akitoka katika nyumba hiyo bila ridhaa, huhesabiwa mtoro. Nimelifundisha neno mtoro darasani kwa miaka mingi, katika somo jingine kabisa.

Katika nyumba ile alikuwamo bibi mzaa mwenye nyumba. Alizaliwa Unguja, akaondoka mwaka 1964 akiwa msichana wa rika langu. Wajukuu walikielewa Kiswahili lakini walijibu kwa Kiarabu, mwanawe alikitumia kwa kuagiza tu, mkewe hakukijua. Bibi hakuwa na wa kuzungumza naye ila mpwa wangu. Alimwita mwanangu. Alimfundisha kupika boko-boko na mkate wa kumimina. Kila siku alimwuliza habari za Unguja: Forodhani pakoje, je, embe bolibo bado zipo, doriani je? Na mpwa wangu, mzaliwa wa Temeke, alikuwa hajawahi kukanyaga Unguja maishani mwake! Bahari aliyoivuka ni ile ya pantoni la Kigamboni. Akawa anambunia yule mzee majibu, na mzee anafurahi.

Agosti 2015 dada yangu alifariki, hapa Temeke. Tulimpigia mpwa wangu simu, ikapokelewa na mwenye nyumba. Alipopewa habari aliomba ruhusa ya siku saba. Akajibiwa kwamba mkataba una miezi mitatu bado, na tiketi ya kwenda na kurudi nani ataikata? Tulizika siku ileile saa 10 alasiri, bila yeye. Usiku bibi aliingia jikoni, akakaa naye sakafuni, wakalia pamoja. Akampa kanga na riale 20. Akamwambia kwamba hata yeye mama yake alikufa Unguja naye yuko ng'ambo, hakumzika, wala kaburi halijui. Lakini kwa mwanawe, aliyekuwa amelala chumba cha juu, hakusema neno. Mpwa wangu hamlaumu. Husema, mjomba, mzee yule nyumba haikuwa yake. Mimi namlaumu, tena sana, na nimebishana na mpwa wangu juu ya hilo zaidi ya mara moja.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuzungumza na Watanzania 50 waliofanya kazi za ndani Omani na Falme za Kiarabu. Karibu wote walisema walinyang'anywa pasipoti, na wengine walifanya kazi hadi saa 21 kwa siku. Mwaka huohuo Falme za Kiarabu zilitunga sheria ya watumishi wa ndani, inayotoa siku moja ya mapumziko kwa wiki na saa 12 za kupumzika kwa siku. Nyingine ya 2022 ikachukua nafasi yake. Sheria ni jambo jema, ila ukaguzi unaishia mlangoni, kwa kuwa nyumba ya mtu ni faragha yake. Na tusijifanye watakatifu. Hapa kwetu Temeke wamo wasichana walioletwa kutoka Singida na Iringa, wanaolala jikoni, wasiokuwa na Ijumaa wala Jumapili, na wenye nyumba ni sisi tunaosikitikia makadama.

Watu huniuliza: kama ilikuwa hivyo, kwa nini alirudi? Maana alirudi. Mwaka 2016 alikwenda Dubai, safari hii kwa kupitia rafiki, akiwa ameusoma mkataba neno kwa neno pamoja nami, meza hii ninayoandikia. Alipata Ijumaa yake na simu yake, akakaa hadi 2019. Fedha zile zimejenga vyumba viwili na baraza huko Chamazi, zimenunua cherehani mbili, na zimemlipia binti yake ada mpaka kidato cha nne. Nikizijumlisha fedha hizo na pensheni yangu ya ualimu, pensheni inaona haya.

Sasa binti huyo naye anataka kwenda. Si ukadama, anasema, bali kuhudumu dukani, Dubai, na Kiingereza anacho. Alikuja kuniaga kabla hata viza haijatoka, akaniomba nimwekee nakala ya pasipoti yake ndani ya kasha langu, pamoja na jina la mwajiri na namba ya simu ya ubalozi wetu. Mama yake ndiye aliyemtuma. Kanga ya yule bibi ameipewa aende nayo. Nimezipokea karatasi, nimezitia katika bahasha, na mjukuu wangu anapita kila Jumamosi kuuliza kama bado zipo.