Historia ya Neno "Free" na Kazi ya Kulifasiri

Katika maneno ya Kiingereza yanayotumiwa kila siku ni machache yaliyo mafupi kama "free", na ni machache yaliyobeba mzigo mkubwa kama wake. Mwanafunzi hulipata mapema katika masomo yake, akaambiwa kwamba maana yake ni huru, naye huridhika. Lakini akienda nalo dukani, barazani na mahakamani, huona kwamba tafsiri ile moja haimfikishi mbali. Kitu kinachotolewa "free" ni cha bure. Kiti kilicho "free" hakina mtu. Mtu aliye "free" jioni ana nafasi. Atendaye jambo kwa "free will" alitenda kwa hiari yake. Na bidhaa zilizo "duty free" hazitozwi ushuru. Kiswahili kina neno mbalimbali kwa kila hali, ambapo Kiingereza kimezifunika zote kwa nguo moja.

Insha hii yataka kuchungua jinsi neno hilo lilivyokusanya maana hizo, na maneno gani yako jirani nalo. Uchunguzi huu una faida kwa mwanafunzi wa historia kwa sababu hati nyingi zinazohusu nchi zetu ziliandikwa kwa Kiingereza. Asomaye "free" akadhani lina maana moja tu, aweza kuamini kwamba watu walipewa kitu ambacho hawakupewa kamwe.

Tuanze na asili. Katika Kiingereza cha kale neno lilikuwa "freo", na jamaa zake wamo katika lugha nyingine za ukoo ule, kama "frei" la Kijerumani. Wachunguzi wa lugha wanalifuatisha mpaka kwenye shina lenye maana ya kupenda. Katika Kisanskriti shina hilo limezaa "priya", yaani mpenzi. Kitenzi cha kale "freogan" kilikuwa na maana ya kupenda na pia ya kuacha huru, na kutoka kwacho likatoka neno "friend", rafiki. Msomaji atauliza upendo na uhuru vimekutana wapi. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba vilikutana nyumbani. Katika nyumba ya kale walikuwamo watu wa namna mbili: wale wa damu, waliopendwa na kulindwa na ndugu zao, na wale walionunuliwa au kutekwa, wasio na ndugu wa kuwatetea. Wa kwanza ndio walioitwa huru. Kilatini kina ushahidi unaofanana na huo, maana "liber" ni mtu huru, na "liberi" ni watoto wa nyumba.

Basi mwanzoni neno hili halikutaja tu mtu asiye na pingu. Lilitaja mtu mwenye kwao. Na tofauti hiyo haikuwa ya mawazo matupu, kwa kuwa katika Uingereza yenyewe utumwa ulikuwapo. Katika kitabu cha hesabu ya nchi kilichoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William, karibu mtu mmoja katika kila kumi walioandikwa alikuwa mtumwa.

Kutoka maana ya nasaba likazaliwa tawi la tabia. Katika karne ya 14, wakati wa mshairi Geoffrey Chaucer, "free" lilikuwa sifa ya mtu wa heshima, mkarimu, asiyefunga mkono. Ilidhaniwa kwamba aliyezaliwa huru ndiye mwenye adabu na ukarimu. Msomaji wa pwani yetu hatalistaajabia jambo hilo. Mwungwana kwa asili ni mtu asiye mtumwa, na uungwana leo ni adabu njema. Hata "hurr" la Kiarabu, lililotupa neno huru, lina maana ya mtu asiye mtumwa na pia ya mtu bora. Lugha tatu zisizo za ukoo mmoja zimepita njia moja, na katika zote tatu waliosema nani ana adabu walikuwa wale wale waliokuwa na watumwa. Twalitumia neno uungwana kwa sifa, na tunafanya vyema. Lakini mwenye kusoma historia hana budi kukumbuka kwamba sifa hiyo ilikuwa na mtu mwingine chini yake.

Sasa tutazame majirani. Baada ya Wanorman kuitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala, na baadaye kikaleta neno "liberty", ambalo asili yake ni Kilatini. Kwa hiyo Kiingereza kina "freedom" la wenyeji na "liberty" la wageni, na watu wengi huyatumia kama ndugu mapacha. Hata hivyo katika sheria ya zamani "liberty" mara nyingi lilitumika kwa wingi: "liberties", yaani haki maalumu ambazo mfalme aliupa mji, kanisa au bwana fulani. Hati ya mwaka 1215 iitwayo Magna Carta, iliyoandikwa kwa Kilatini, yaahidi kwamba mtu huru hatafungwa ila kwa hukumu ya wenzake au kwa sheria ya nchi. Ahadi ni kubwa, lakini wakulima wengi wa siku zile walikuwa wamefungwa na ardhi ya mabwana, wala hawakuhesabiwa kuwa watu huru. Katika mji wa London vilevile, "freedom" ya mji ilikuwa ruhusa ya kufanya biashara, iliyopatikana kwa urithi, kwa kulipa, au kwa kutumikia uanagenzi miaka mingi.

Majirani wengine watajwe kwa ufupi. "Frank", msema kweli asiyeficha, limetokana na jina la kabila la Wafranki waliotawala Gaul, ambako wao ndio waliokuwa huru kamili. "Emancipation" ni neno la sheria ya Roma, ambako baba alimtoa mwanawe katika mamlaka yake. "Independence" lina picha ya kitu kisichoning'inia juu ya kingine. Hilo ni neno la nchi na dola, na lilipata sifa kubwa mwaka 1776, makoloni ya Marekani yalipojitenga na Uingereza.

Nchi hiyo ya Marekani ilionyesha hatari ya neno lisilofafanuliwa. Waliotia sahihi tangazo la mwaka 1776 walikuwamo wenye watumwa. Mwaka 1864, vita vikiwa havijaisha, Abraham Lincoln alisema mjini Baltimore kwamba watu wote walidai kupenda uhuru, lakini hawakukusudia kitu kimoja: wengine walitaka kila mtu atumie jasho lake apendavyo, na wengine walitaka kutumia jasho la wenzao wapendavyo. Alitoa mfano wa mchungaji amwokoaye kondoo: kondoo humshukuru, na mbwa mwitu hulalamika kwamba amenyang'anywa uhuru wake.

Tukirudi kwetu, mfano mzuri ni amri ya Unguja ya tarehe 6 Aprili 1897, iliyotolewa na Sultani Hamoud bin Mohammed kwa shauri la Waingereza. Amri hiyo iliondoa hali ya utumwa katika sheria. Lakini mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuomba uhuru wake utambuliwe. Na akiisha kutambuliwa ilimpasa kulipa kodi, na kuonyesha kwamba ana makao na riziki ya kujulikana, asije akahesabiwa mzururaji. Masuria hawakuwekwa sawa na wengine, nao walingoja hadi mwaka 1909. Wenye watumwa waliweza kudai fidia. Watu wengi walibaki katika mashamba yale yale, kwa mapatano ya kazi na mabwana wale wale.

Je, watu hao walikuwa "free"? Kwa maana ya sheria, ndiyo. Kwa maana ya kale ya neno lenyewe, yaani kuwa na kwao na ndugu wa kuwatetea, walikuwa bado na safari. Ndiyo sababu wanawake waliotoka utumwani waliiacha kaniki wakavaa kanga: walijua kwamba cheti cha mahakama hakikuwapa uungwana, wakautafuta wenyewe kwa mavazi, kwa ujirani na kwa ndoa.

Zilipofika siku za siasa, neno moja la Kiswahili lilibeba yote. Tanganyika mwaka 1961, na Kenya na Unguja mwaka 1963, zilipata "independence", nasi tukaita uhuru. Neno hilo hilo lilikuwa limemaanisha kutoka utumwani, na lilipaswa pia kumaanisha "freedom" ya raia mmoja mmoja na "liberty" aliyoandikiwa katika sheria. Lilipata nguvu kwa kubeba mambo hayo pamoja, maana mjukuu wa mtumwa alipolisikia kwenye mkutano alisikia zaidi ya kubadilishwa kwa bendera. Lakini pia limeleta utata, kwa kuwa nchi yaweza kuwa huru mbele ya mataifa na raia wake asiwe huru mbele ya askari.

Kwa hiyo mfasiri akutanapo na "free", au na uhuru, na aulize maswali matatu: ni nani anayeitwa hivyo, ametoka katika mamlaka ya nani, na baada ya kutoka ana haki gani mahali alipo? Hati isiyojibu swali la tatu imeeleza nusu tu ya jambo. Waliokwenda mahakamani Unguja mwaka 1897 walilijua swali hilo kabla yetu, na sisi tunaosoma habari zao tuna wajibu wa kuwafasiria kwa uangalifu.