Miaka 50 tangu Cinderella wa Napoli apande jukwaani

Julai 2026 inatimia miaka 50 tangu mchezo wa La Gatta Cenerentola, yaani Paka Cinderella, uonyeshwe kwa mara ya kwanza katika tamasha la Spoleto, Italia. Mtunzi wake, Roberto De Simone, hakujaaliwa kuifikia siku hiyo. Alifariki Napoli Aprili 2025 akiwa na umri wa miaka 91. Mengi ya hapa yanafuata mtazamo aliouacha katika kitabu cha mchezo huo, kilichotoka 1977. Ni haki yake, kwani ni wachache waliozisikiliza ngano za Mediterania kwa makini kama yeye.

Cinderella wa kiatu cha kioo ni wa Mfaransa Charles Perrault, 1697. Wa Napoli alimtangulia kwa zaidi ya miaka 60. Aliandikwa kwa Kinapoli na Giambattista Basile, mshairi aliyewahi kuwa askari. Basile alifariki 1632, na ni dada yake Adriana, mwimbaji mashuhuri wa zama hizo, aliyesimamia kitabu chenye ngano hiyo kikatoka kati ya 1634 na 1636. Ndani yake vikongwe kumi wanapokezana kusimulia kwa siku tano.

Binti huyo, Zezolla, si malaika. Kwa ushauri wa mwalimu wake anamwomba mama wa kambo amtafutie nguo kuukuu ndani ya kasha, kisha anauachia mfuniko unamvunja shingo. Mwalimu anaolewa na baba mtu, anawatoa mabinti zake sita aliokuwa amewaficha, na Zezolla anaishia jikoni kwenye majivu. Baba anasafiri hadi Sardinia, na merikebu yake inagoma kuondoka bandarini mpaka akumbuke ahadi aliyompa binti yake. Analetewa mche wa mtende, jembe la dhahabu, ndoo ya dhahabu na kitambaa cha hariri. Siku ya nne mtende umefikia kimo cha mwanamke, na ndani yake anatoka jini wa kike. Mtende, si boga! Hapo ndipo unapoitambua bahari iliyoizaa ngano hii. Hata kiatu anachokipoteza si cha kioo, bali kina soli ndefu iliyoinuliwa, mfano wa mtalawanda.

De Simone aliisoma hadithi hiyo kama mwanamuziki. Alikuwa mpiga piano aliyesomea muziki, lakini miaka ya 1960 na 1970 alizunguka na kinasa sauti katika vijiji vya Campania, hasa kwenye sikukuu za Bikira Maria kandokando ya mlima Vesuvius. Huko ndiko inakochezwa ngoma ya tammurriata. Mpigaji anashika tari kubwa la ngozi lililozungushiwa vipande vya bati, mwimbaji anaunganisha beti papo kwa papo, na wachezaji wawili wanakabiliana huku wakigonganisha vibao viganjani, wakisogeleana na kukwepana. Kwa De Simone, watu hawa na vikongwe wa Basile walikuwa ukoo mmoja. Ukiichukua ngano ukaacha sauti na miguu yao, umechukua kaka la yai.

Basi alipoandika mchezo wake, akiwa na kundi la Nuova Compagnia di Canto Popolare, alitaka opera ya aina nyingine, mpya na ya kale kwa pamoja. Fausta Vetere alikuwa Cinderella. Mama wa kambo akachezwa na mwanamume, Peppe Barra, na alimcheza kwa dhati, bila kumfanya kikaragosi. Kwaya ya wafua nguo ilishika nafasi kubwa jukwaani. Wakaingizwa pia kama wahusika wale wanaoitwa femminielli, wanaume wa mitaa ya kale ya Napoli wanaoishi kama wanawake, ambao kila Februari 2 hupanda hadi Montevergine kumwimbia Bikira Maria. Watu waliokuwa wakitazamwa kwa jicho la pembeni sasa walisali na kuimba jukwaani mbele ya wapenzi wa opera.

Hapo ndipo palipo na ubishi ambao haujaisha. Je, ni halali kuchanganya ngoma ya mkulima na nyimbo za karne ya 16 zilizoimbwa kwa sauti nyingi, kisha vyote vikapangwa kwa kalamu ya msomi? Mwaka huohuo wa 1976 Eugenio Bennato, mmoja wa waasisi wa kundi, alianzisha Musicanova pamoja na Carlo D'Angiò, wakafuata njia ya kutunga nyimbo zao. Wengine walitaka ngoma ibaki uwanjani mwa kanisa, mikononi mwa wenyewe. Nawaelewa, lakini naona De Simone ndiye aliyekuwa na haki. Basile naye alichukua maneno ya mitaani akayafuma kwa ufundi wa ikulu, na bila mfumo huo tusingemjua Zezolla leo.

Tangu hapo mchezo umerudishwa jukwaani mara kadhaa, na 2017 ikatoka filamu ya katuni yenye jina hilohilo, iliyoihamishia hadithi kwenye meli katika bandari ya Napoli. Hata hivyo, watoto wengi duniani bado wanaoneshwa Cinderella wa Disney wa 1950 peke yake, na hilo linaniuma. Napoli ina jumba la San Carlo, ambako De Simone mwenyewe aliwahi kuwa mkurugenzi wa sanaa. Jumba hilo liwakaribishe wafua nguo wake mwaka huu, na wapiga tari wa Vesuvius wapewe viti vya mbele.