Siongiroi: Mji wa Maziwa au Mji wa Malazi?

Ukuaji wa miji midogo nchini Kenya umezoeleka kusimuliwa kwa mfano wa viunga vya Nairobi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 58,167 mjini Kitengela. Ile ya 2019 ilikuta 154,436. Ruiru, palipokuwa na mashamba makubwa ya kahawa, ilitoka watu 238,858 hadi 490,120 katika muda huohuo. Barabara hupanuliwa, mashamba hukatwa ploti, nyumba za kupangisha hupanda ghorofa, na kila alfajiri matatu hujaa watu waendao kutafuta mshahara mahali pengine. Madalali wa ardhi na wanasiasa wamelizoea simulizi hili kiasi kwamba wakiona kituo chochote cha biashara kimepata lami na taa, swali lao ni moja tu: kitafika lini walipofika wenzake?

Kwa Siongiroi swali hilo limekosewa. Kituo hiki cha Chepalungu, katika Kaunti ya Bomet, kimekua kwa sababu watu wake wamebaki, na kinachosafiri kila siku ni maziwa yao. Mji wa namna hii una mahitaji yake yenyewe, na hatari kubwa inayoukabili ni kupangwa kana kwamba ni Kitengela iliyochelewa.

Siongiroi ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Chepalungu, pamoja na Sigor, Chebunyo, Kong'asis na Nyangores. Iko kusini-magharibi ya mji wa Bomet, kuelekea mpaka wa Transmara, kwenye nchi iliyo chini na yenye mvua haba kuliko vilima vya Konoin ambako chai hustawi. Hadi mwaka 1992 eneo lote hili lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kericho, na mtu wa Chepalungu aliyetafuta stakabadhi ya serikali alipaswa kukata safari hadi Kericho, mji uliozungukwa na chai ya makampuni. Tofauti kati ya nchi ya chai na nchi ya ng'ombe ni ya msingi katika hoja hii, kwa hiyo nianze na chai.

Kampuni ya chai ya Brooke Bond ilipata ardhi Kericho katikati ya miaka ya 1920, na African Highlands, kampuni ya James Finlay, ikapata pia wakati huohuo. Ardhi hiyo ilikuwa imetoka mikononi mwa Wakipsigis. Makampuni yalijenga kambi ndani ya mashamba: nyumba, zahanati, shule, duka. Mchumaji alilala hatua chache kutoka kwenye majani aliyochuma, na kazi ilipokwisha, nyumba nayo ilikwisha. Kambi ya chai ni kinyume kabisa cha kitongoji cha wasafiri kama Kitengela, kwa kuwa huko mtu hulala kazini. Ila kambi na kitongoji vinafanana katika jambo moja zito. Kote kuwili, mkazi hana ardhi inayomlisha mahali anapolala. Maisha yake yananing'inia kwenye mshahara ambao uamuzi wake hutolewa mbali, na kampuni ikileta mashine ya kuchuma chai, hana pa kushika. Siongiroi haikujengwa hivyo. Hapa mkazi ana ekari kadhaa, ana ua, ana ng'ombe, na mji umeota katikati ya maboma ya watu kama hao.

Mwaka 1826 mwanauchumi wa Kijerumani, Johann Heinrich von Thünen, alichora nadharia ya mji uliozungukwa na duara za kilimo. Mboga na maziwa aliviweka katika duara la kwanza, karibu kabisa na mji, kwa kuwa maziwa huharibika na gari la farasi ni la polepole. Nafaka ilikaa mbali zaidi, na mifugo ya nyama ikawa ya mwisho. Kwa hesabu hiyo Siongiroi haikupaswa kabisa kuuza maziwa mabichi kwa wakazi wa Nairobi. Ilipaswa kuuza ng'ombe wanaotembea kwa miguu yao, na kwa miaka mingi ndivyo ilivyokuwa, pamoja na mahindi. Kilichovunja duara la Thünen ni baridi. Tangi linaloyashusha maziwa hadi nyuzi 4 za Selsiasi huyapa siku nzima na zaidi ya kusubiri lori, na umbali unaanza kuhesabiwa upya.

Baridi hiyo ilifika Siongiroi baada ya msiba. Serikali iliachia bei ya maziwa mwaka 1992, na kabla ya muongo kwisha KCC, shirika la maziwa lililoanzishwa na walowezi mwaka 1925, lilikuwa limeanguka huku likiwadai wafugaji subira badala ya kuwalipa. Lilifufuliwa mwaka 2003 kwa jina la New KCC, lakini wafugaji wa Chepalungu walikuwa wameshajifunza kwamba asiye na tangi lake hana sauti katika bei. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa na kituo chao cha kupozea maziwa, wakisaidiwa na mashirika ya Heifer na TechnoServe. Mradi wa kuendeleza maziwa Afrika Mashariki, ujulikanao kwa kifupi kama EADD, ulipoanza mwaka 2008 kwa fedha za wakfu wa Bill na Melinda Gates, Siongiroi ilikuwa miongoni mwa vituo vyake, na utaratibu wa aina yake ndio uliokusudiwa kuenezwa Kenya, Uganda na Rwanda.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kueleza. Asubuhi maziwa hufika mjini kwa bodaboda, kwa punda, kwa mgongo wa mtu. Hupimwa kwa laktomita kuona kama yametiwa maji, na kwa alkoholi kuona kama yameanza kuchacha, kisha humiminwa tangini na kiasi huandikwa kwa jina la mfugaji. Mwisho wa mwezi hulipwa. Katikati ya mwezi mfugaji huchukua dawa, chumvi ya ng'ombe na chakula cha mifugo kwa mkopo kwenye duka la agroveti, au huitisha mtaalamu wa uhamilishaji ng'ombe wake akiwa kwenye joto, na gharama hukatwa kwenye maziwa yake. Basi kituo cha maziwa kinakuwa dhamana. Aliye na lita tano kwa siku anakopesheka, hata kama hajawahi kuingia benki.

Wanaoandika juu ya miji hupuuza sana mwendo wa fedha hizi ndani ya mwaka. Mkulima mdogo wa chai anayeuza kupitia shirika la KTDA hulipwa kidogo kila mwezi na kungojea bonasi ya mwaka, na bonasi ikifika miji ya chai hufurika kwa majuma machache, kisha hunywea. Mahindi hulipa msimu. Maziwa hulipa kila mwezi, mwaka mzima, na mwenye duka anaweza kuhesabu mwezi ujao kabla haujafika. Fundi wa kuchomelea hupata kazi ya kudumu, mwenye hoteli hupika chakula akijua kitaliwa, mzazi huahidi karo akatimiza. Ugonjwa wa kuua mahindi uliporipotiwa kwa mara ya kwanza nchini, hapahapa Bomet, Septemba 2011, mashamba mazima yalikauka mabua yakiwa mabichi bado. Aliyekuwa na ng'ombe wa kukamua alikuwa na kitu cha kupeleka mjini kesho yake.

Sitaki kuupamba utaratibu huu. Kwa Wakipsigis, kama kwa Wakalenjin wengine, maziwa ya jioni yalikuwa mikononi mwa mama. Ya asubuhi yakienda sokoni kwa jina la baba, ya jioni yalilisha watoto, yaligandishwa kuwa mursik ndani ya kibuyu, na ziada aliuziwa jirani kwa senti ambazo mama hakuulizwa. Tangi halibagui asubuhi na jioni. Kadiri ukusanyaji unavyofanikiwa, ndivyo maziwa ya jioni yanavyovutwa nayo kuelekea kwenye akaunti moja, ambayo mara nyingi ni ya mwenye hatimiliki ya shamba. Mji unaweza kung'aa kwa fedha zilizotoka kwenye kikombe cha mtoto. Ndiyo maana kulisajili jina la mke kituoni, na kumlipa yeye kwa simu yake, nakuona kuwa suala la mipango miji sawa na mtaro wa maji machafu. Fedha zinazopitia mkononi mwa mama hurudi dukani Siongiroi kwa njia nyingine: sare, unga, sabuni, dawa.

Je, hakuna wasafiri wa kila siku Siongiroi? Wapo. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, mji wa Bomet ulipata ofisi, watumishi na zabuni, na tangu kodi ya ongezeko la thamani iliposamehewa kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, safari iliyokuwa ya nusu siku imekuwa ya asubuhi. Mwalimu anaweza kufundisha hapa na kulala kwingine. Karani naye anaweza kufanya kinyume chake. Wote wanahitaji vyumba, na vyumba vinajengwa. Ila hawa wamefuata mji ambao tayari ulikuwa na soko, shule na maziwa. Wakiondoka kesho, Siongiroi itapungua wapangaji. Maziwa yakiondoka, itapoteza sababu ya kuwapo.

Na maziwa yanaweza kuondoka kwa njia ya kimya sana, nayo ni ploti ya futi 50 kwa 100. Shamba la ekari tano likirithiwa na wana wanne, ng'ombe bado wanawezekana, kwa shida. Likipakana na lami na kukatwa vipande vya thumuni ya ekari, malisho yamekwisha, na hayarudi tena. Kitengela ilipitia njia hiyo: ranchi ya jumuiya ya Wamaasai iligawanywa katika miaka ya 1980, eneo la viwanda vya kuuza nje likaanzishwa Athi River mwaka 1990, wanunuzi wakamiminika, na uwanda waliopitia ng'ombe, pundamilia na nyumbu kutoka Mbuga ya Nairobi ukafungwa kwa ua na kuta. Familia zilizouza mapema zilipata bei ndogo. Waliotajirika ni waliouza mara ya pili.

Atakayenipinga atanitajia Githunguri, na ana haki. Huko Kiambu, karibu kabisa na jiji, ushirika wa wafugaji ulioanzishwa mwaka 1961 umesimama hadi leo na kusindika maziwa yake wenyewe chini ya jina la Fresha, ilhali mashamba ya wanachama ni madogo mno. Kwa hiyo maziwa na kitongoji vinaweza kuishi pamoja. Lakini Githunguri inalisha ng'ombe zizini kwa chakula kinachonunuliwa, na gharama hiyo inabebeka kwa sababu soko la Nairobi liko jirani na kiwanda ni chao. Mfugaji wa Siongiroi anashindana kwa nyasi zake mwenyewe. Umbali anaufidia kwa unafuu wa malisho. Mnyang'anye malisho, umemwachia umbali peke yake.

Sheria zipo, ingawa zimetumika kwa uvivu. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 inadai kibali cha bodi kabla ya shamba kugawanywa, na bodi nyingi nchini zimekigeuza kibali kuwa muhuri tu. Ibara ya 68 ya Katiba ya 2010 iliagiza Bunge liweke kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ya mtu binafsi. Mswada wa mwaka 2015 ulikufa bungeni. Marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji yaliteremsha idadi ya wakazi inayohitajika kwa manispaa kutoka 250,000 hadi 50,000, na kutambua hata kituo cha soko chenye watu 2,000. Hili la mwisho ndilo lenye manufaa hapa. Kituo kinachotambuliwa kinaweza kupangwa, na kupanga maana yake ni pamoja na kusema mji utaishia wapi.

Mpaka huo ninauona kuwa jambo la kwanza, kabla ya taa na kabla ya stendi. Ndani yake nyumba zijengwe kwenda juu na kushikana, zenye maji na mtaro. Nje yake bodi ya ardhi ikatae kugawa shamba chini ya ukubwa unaoweza kulisha ng'ombe. Fedha za barabara zianzie kwenye njia za vijijini zinazoleta maziwa, ambazo matope yake ya mwezi wa Aprili humwaga lita nyingi kabla hazijaonwa na laktomita, na lami ya katikati ya mji isubiri. Serikali ya Kaunti ya Bomet ina mamlaka ya kufanya yote haya sasa, wakati bei ya ardhi bado ni ya mfugaji na haijawa ya dalali. Iite wafugaji mezani, wake kwa waume, na iuchore mpaka wa Siongiroi kabla haijaidhinisha ploti nyingine.