Kutoka Disketi hadi Flashi: Kirusi na Historia ya Kuaminiana

Wiki ya kuwasilisha tasnifu, nilichomeka flashi yangu kwenye kompyuta ya duka la kuchapa huko Nyamirambo, Kigali. Nilipoifungua nyumbani, kila folda ilikuwa imegeuka njia ya mkato. Nilimlaumu mwenye duka, kumbe nami nilikuwa nimekwisha kuichomeka kwenye kompyuta za wenzangu wawili. Kisa hicho kilinifanya niitafute historia ya jambo hili. Naona kwamba virusi vya namna hii husafiri zaidi kwa watu kuaminiana kuliko kwa ujuzi wa waliovitunga.

Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, walitunga Brain, kirusi kinachotambuliwa kuwa cha kwanza kwa kompyuta za IBM PC. Watu wa kawaida hawakuwa na intaneti, lakini kirusi hicho kilifika Marekani ndani ya disketi zilizopita mkono kwa mkono.

Flashi ilirithi nafasi ya disketi, na hatari ikaongezeka, kwani Windows ya wakati ule iliweza kuendesha programu iliyomo mara kifaa kinapochomekwa. Mwaka 2008 flashi moja iliingiza programu ya kijasusi katika mitandao ya jeshi la Marekani, hata ile ya siri. Novemba mwaka huo jeshi hilo lilipiga marufuku flashi. Mwaka 2010 kiligunduliwa Stuxnet, kirusi kilichoharibu mashine za kurutubisha urani huko Natanz, Iran. Mitambo hiyo haikuunganishwa na intaneti. Inaaminika kwamba kilipenya kwa flashi.

Februari 2011 Microsoft ilisambaza marekebisho ya kuzima tabia hiyo katika matoleo ya zamani ya Windows. Mlango wa mashine ulifungwa, lakini wa binadamu ukabaki wazi. Kirusi changu kilificha mafaili, kikaweka folda za bandia, kisha kikangoja nibofye mwenyewe.

Tasnifu yangu ilipatikana, kwa kuwa ilikuwa imefichwa tu. Kazi ngumu ilikuwa kuwapigia simu wale wenzangu wawili na kukiri. Mmoja alikuwa ameshampa flashi yake dada yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Historia hii inaniongezea kwamba huenda nguo hiyo umemwazima na jirani.