Mistari Minne ya Haidrojeni

Mwanafunzi wa Gakindu, kule Mukurweini katika Kaunti ya Nyeri, akijiunga na chuo kikuu kusomea kemia, hakawii kukutana na hesabu hii: elektroni ya haidrojeni ikishuka kutoka ngazi ya tatu hadi ya pili, mwanga unaotoka una urefu gani wa wimbi? Wazee wake waliobahatika kufika kidato cha tano na cha sita waliikuta huko, kabla ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 kuviondoa vidato hivyo. Mtihani wa mwisho wa kidato cha sita ulifanywa 1989. Zamani na sasa, kanuni huletwa ikiwa tayari, na njia iliyoizaa haitajwi. Kwangu hiyo ni hasara kubwa, maana njia yenyewe inapitika kwa kalamu na karatasi.

Inaanzia Uswidi. Mwaka 1868 Anders Ångström alichapisha vipimo vya urefu wa wimbi vya mistari minne ya mwanga wa haidrojeni. Kwa nanomita ni 656.21, mwekundu, 486.07, wa samawati, kisha 434.01 na 410.12, ya zambarau. Kwa nini hiyo na si mingine? Hakuna aliyejua.

Johann Balmer, mwalimu wa hisabati katika shule ya wasichana mjini Basel, Uswisi, alizishika namba hizo akikaribia miaka 60. Zigawe zote, kama yeye, kwa 364.56. Utapata, kwa ukaribu wa kushangaza, 9/5, 4/3, 25/21 na 9/8. Bado ni vurugu. Sasa ya pili na ya nne zizidishe kwa 4, juu na chini: 9/5, 16/12, 25/21, 36/32. Tazama juu: ni miraba ya 3, 4, 5 na 6. Chini ni namba ileile ukitoa 4. Kila nikiandika safu hiyo nasisimka.

Balmer akaendelea hadi 7: 49/45 mara 364.56, yaani nanomita 396.97. Rafiki yake, Eduard Hagenbach, akamwambia kwamba mstari huo ulikwisha kuonekana, na mingine zaidi, katika mwanga wa nyota. Kanuni ikachapishwa 1885.

Mwaka 1888 Johannes Rydberg aliipanua. Sababu yake ilingoja hadi 1913, Niels Bohr alipoifikia kanuni hiyo akitumia chaji na masi ya elektroni. Ndipo ile 4 ya Balmer ilipoeleweka: ni mraba wa 2, ngazi ambako elektroni hutua.