Kibo Bila Kofia: Ntiro wa Machame na Etel Adnan

Anayepanda kutoka Moshi mjini kwenda Machame hukutana na migomba kabla ya mlima. Chini ya migomba kuna mikahawa na magimbi, juu yake miti mirefu ya kivuli, na katikati maji ya mfongo, yaani mfereji wa Wachaga, yakipita kihamba hadi kihamba, shamba la ukoo hadi jingine, kwa zamu. Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, mara nyingi hujitokeza asubuhi na mapema au jioni, kisha mawingu hukifunika. Mchoraji Sam Joseph Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923, na picha zake zinafuata utaratibu huohuo: kilicho karibu ndicho kinachotangulia.

Wapo waliouona mkono wake kuwa wa kitoto. Hawakumtendea haki. Katika Chuo cha Makerere, Uganda, alifundishwa na Margaret Trowell, aliyewataka wanafunzi wachore walichokihifadhi kichwani badala ya kunakili kilicho mbele yao, kisha akasoma shule ya sanaa ya Slade, London, mwaka 1952 hadi 1955. Kanuni za kuchora umbali na kivuli alizijua. Aliziacha kwa hiari. Majani yake yanarudiwarudiwa mpaka turubai inakuwa kama pambo, na watu wake ni wadogo, sura zao hazichambuliwi. Hakuwa mchoraji wa sanaa dhahania, lakini alifika mlangoni pake akiwa ameongozana na wanakijiji.

Mchoraji Etel Adnan ndiye aliyeingia hasa ndani ya mlango huo. Alizaliwa Beirut mwaka 1925, akahamia California, na huko akaupenda mlima Tamalpais, usiofika hata mita 800. Aliuchora kwa miaka mingi, hata alipokuwa Paris na mlima umebaki kwenye kumbukumbu tu. Alilaza turubai mezani, akaminya rangi kutoka kwenye tyubu na kuitandaza kwa kisu, akamaliza kwa kikao kimoja. Mlima ukawa pembetatu ya kijani au ya zambarau, bila mtu wala njia. Nazipenda mno picha hizo. Zina uhakika wa mtu aliyehama sana na hatimaye amepata kitu kisichohama.

Ila nikizileta Machame, zinagoma. Tamalpais ya Adnan inaweza kusimama peke yake kwa sababu yeye aliikuta imesimama. Miteremko ya Kilimanjaro imetengenezwa. Mfongo ulichimbwa na watu, mgomba ulipandwa na watu, na mwenye kihamba amezika wazazi wake humohumo. Ukiwaondoa watu ili ubaki na umbo tupu, umeondoa pia mandhari. Ndiyo maana Ntiro, mwaka 1956, alipochora wanaume wakipeleka mbege, pombe ya ndizi, kwa bibi harusi usiku, alikuwa anachora mahali kwa ukamilifu zaidi kuliko yeyote anayetuonyesha Kibo na tembo chini yake, picha ambayo watalii huinunua Moshi kila siku.

Aliye karibu zaidi na Ntiro ni mchoraji Hokusai wa Japani. Katika mfululizo wake wa mlima Fuji wa miaka ya 1830, fundi anatengeneza pipa kubwa lisilo na kitako, na Fuji inaonekana ndani ya duara lake, pembetatu ndogo kwa mbali. Kazi mbele, mlima nyuma.

Barafu ya Kibo imepungua sana tangu mwanzo wa karne ya 20, kwa hiyo kofia nyeupe haiwezi kuwa tegemeo la mchoraji kijana wa Moshi anayetaka kwenda kwenye udhahania. Namshauri aanzie kwenye mistari ya mifongo na marudio ya majani ya mgomba, alipoishia Ntiro. Tatizo ni kuziona kazi zenyewe: ile ya mbege ilichukuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York mwaka 1960. Wizara inayohusika na utamaduni ingeomba iazimwe, hata kwa miezi michache, ionyeshwe Moshi, na wanafunzi wa shule za Machame waletwe kuitazama kwanza.