Rasiberi nyeusi, tunda lililobaki nyuma ya wakimbizi

Mwezi wa tisa mwaka 1779, jeshi la Marekani likiongozwa na jenerali John Sullivan liliingia Kanadesaga, kijiji kikubwa cha Waseneca, katika eneo ambalo leo ni jimbo la New York. Amri ilitoka kwa George Washington: Waseneca wengi walikuwa upande wa Waingereza, basi vijiji vyao viharibiwe. Wakaaji walikuwa wamekwisha kukimbia. Askari walichoma nyumba na mahindi, wakakata hadi miti ya pome na ya pichi. Mti wa matunda ulikosa nini katika vita? Vijiji zaidi ya 40 viliteketea. Watu zaidi ya 5 000 walikimbilia ngome ya Waingereza ya Niagara, na baridi ya mwaka huo ilikuwa kali sana. Wengi walikufa kwa njaa.

Lakini kuna tunda la huko ambalo halingojei kupandwa. Rasiberi nyeusi ni jamaa ya yale matunda ya miiba ambayo watoto wanachuma katika milima ya Kivu. Ukilichuma, kiini kinabaki kwenye tawi, na mkononi unabaki na tunda lenye shimo, kama kofia ndogo. Mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi. Pori likifunguliwa au likiungua, zinaota. Waseneca waliyaponda matunda hayo, wakayafanya vimikate na kuyaanika, ili wakati wa baridi wayachanganye na mkate wa mahindi.

Mwaka 1788 Oliver Phelps na mwenzake Nathaniel Gorham walijipatia ardhi hiyo, na sehemu moja ikaitwa Phelps. Ni hapo, kilomita chache kutoka Kanadesaga, ambapo karibu na mwaka 1850 mkulima H. H. Doolittle alieneza njia rahisi ya kuzalisha kichaka hiki: kabla baridi haijaanza, ncha ya tawi refu inainamishwa na kufukiwa kidogo, inatoa mizizi, baridi ikiisha inakatwa na kuhamishwa. Tawi linazaa mwaka wa pili, kisha linakufa. Baadaye kituo cha utafiti cha Geneva, mji uliojengwa karibu na kijiji kile kilichochomwa, kilitoa aina za Bristol (1934) na Jewel (1973), ambazo watu wanapanda nyuma ya nyumba hadi leo.

Waseneca bado wapo. Ardhi yao ya Cattaraugus haiko mbali na Buffalo, mji uliopokea familia nyingi za wakimbizi kutoka Congo. Mwezi wa saba matunda yanaiva.